Ukingo wa Maua kwa Mama Emerance

Watu wa Kalemie wana tabia moja inayoniudhi. Wakipanda maua mbele ya nyumba, wanayazungushia chupa za bia zilizochomekwa kichwa chini, au matofali yaliyopakwa chokaa. Mvua mbili tu, chupa zimelala, matofali yamerudi kuwa matope, na bado wanakuambia pita uone bustani yangu. Mimi Hippolyte nafua chuma hapa Kataki mwaka wa kumi na saba sasa, na nikipita mbele ya bustani za namna hiyo huwa nageuza uso.

Kwa hiyo Mama Emerance wa ng'ambo ya mto Lukuga aliponiita nimzungushie maua yake kwa chuma kabla ya arusi ya binti yake Daniella, nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima zaidi ya wiki mbili, mashine yangu ya kuchomelea imelala, nikafanya kila kitu kwa nyundo. Nilikata bati nene la mapipa vipande vyenye upana wa kiganja, nikakunja sehemu ya juu iwe mawimbi na majani, nikaunganisha kipande na kipande kwa ribiti. Mafundi wengine huacha mwanya kati ya vipande. Mimi sikuacha. Mita thelathini, chuma kimoja kisichokatika, kimo chake hadi gotini, na kila nusu mita mguu wa nondo wa kuzamisha ardhini. Nilitaka kuupaka ukingo huo rangi nyeusi, Mama Emerance akakataa.

“Ing'are, Papa Hippolyte,” alisema. “Njo pale tutapigia picha zote.”

Basi, kwa kuwa ndipo picha zingepigwa, nikausugua kwa mchanga mpaka ukang'ara.

Alhamisi niliupeleka na kuusimika. Mguu mmoja, upande wa ukuta wa jirani, ulikataa kuingia. Niligonga, ukakwama, nikagonga kwa hasira, ukapita kwenye kitu laini kisha ukapinda. Mzizi, nikasema. Niliuchomoa, nikaweka mguu mwingine katika tundu lilelile, nikaupiga mpaka ukazama wote. Ule uliopinda niliutupa ndani ya mfuko wa vyombo, nikarudi nyumbani nikijisifu njia nzima.

Jumamosi ikawa siku ya arusi. Alfajiri mvua ilinyesha, kulipokucha jua likatoka. Mke wangu Florentine alitangulia na binti yetu Mamie, mwenye miaka saba, kwa sababu Mamie alikuwa miongoni mwa watoto wa kumrushia bibi arusi maua. Mimi nilibaki karakanani nimalize bawaba za mlango wa mtu, niwafuate wakati wa chakula. Nilipotafuta nondo fupi nikakumbuka ule mguu uliopinda. Nikautoa, nikauweka juu ya fuawe niunyooshe.

Kwenye ncha yake kulikuwa na alama nyekundu inayong'aa. Nikaisugua kwa kidole. Juu kidogo ya alama kulikuwa na ngozi nyembamba ya plastiki nyeusi, imejiviringisha kwenye chuma.

Mtu aliyeshika metali maisha yake yote haulizi mara mbili. Ilikuwa shaba. Nilikuwa nimetoboa waya, na mguu niliouweka badala yake ulikuwa bado umeuchoma.

Hapa kwetu, nyumba moja ikiwa na umeme, majirani wawili au watatu wanavuta kwake. Waya unapitishwa chini ya udongo, shubiri moja tu, watoto wasijikwae na wakaguzi wasiuone, halafu panapandwa kitu juu yake. Hakuna anayemwonyesha mgeni waya unakopita, maana si jambo la kusema mbele ya watu. Mimi mwenyewe navuta hivyo kwa jirani yangu. Nilipaswa kuuliza. Ila zilipita siku nyingi bila umeme hata tukaishi kana kwamba waya ni kamba tu.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapo ndipo penye aibu yangu. Sikukimbia. Niliketi. Nilijiambia umeme haujarudi siku kumi na tisa, hauwezi kuchagua leo. Nilijiambia nikienda kung'oa ukingo mbele ya wageni wote wa arusi, mji mzima utasema Hippolyte hajui kazi, na jioni wataniita fundi wa chupa. Nitakwenda Jumatatu, nitachomoa ule mguu kimya kimya, nitafunga waya, hakuna atakayejua. Nikajimiminia chai. Nikanywa. Nusu saa nzima nilikaa pale nikiutazama ule mguu.

Kisha nikasikia kelele upande wa bandari.

Kila mtu hapa anazijua kelele zile. Zinaanza kwa watoto, wakubwa wanapokea, sufuria zinapigwa: “Kuran! Kuran!” Ndivyo tunavyouita umeme, na ukirudi unashangiliwa kama timu imefunga bao. Na hauji mara moja mji mzima. Unarudi mtaa kwa mtaa.

Nilidondosha kikombe. Nilimpigia Florentine, simu yake haikupatikana. Nani alikuwa na chaji baada ya siku zote hizo? Nikatoka mbio na aproni yangu ya ngozi, nikasimamisha pikipiki ya abiria, nikamwambia kijana aliyeiendesha aende asisimame popote.

“Papa, kuna nini? Muntu amekufa?”

“Bado,” nikasema. “Endesha!”

Nilimwomba Mungu vibaya siku ile. Mji mzima ulikuwa unamshukuru kwa umeme, mimi namwomba auzuie. Tulipofika sokoni kelele zilikuwa nyuma yetu. Darajani zilikuwa zimetufikia, akina mama wanacheza barabarani, na dereva akalazimika kupunguza mwendo. Nilitaka kuwapiga. Tulipovuka, upande wa pili ulikuwa bado kimya, isipokuwa jenereta ya arusi na muziki wake.

Niliruka kabla pikipiki haijasimama vizuri. Langoni nikaona kila kitu kwa mara moja. Daniella ameketi kwenye kiti katikati ya maua, gauni lake jeupe limetandazwa mpaka karibu kugusa chuma. Mpiga picha amepiga goti. Na watoto sita wamechuchumaa kwenye udongo wenye maji, nje ya ukingo, wameushika kwa mikono miwili kama walivyoelekezwa, wakitabasamu. Mamie alikuwa wa mwisho, karibu na ukuta. Alikuwa peku. Viatu vipya vilimbana, mama yake akamvua.

Kati yangu na yeye kulikuwa na mabenchi matatu yaliyojaa watu.

“Acheni hiyo chuma!” nikanguruma. “Acheni! Tokeni!”

Watoto watano waliruka kama panzi. Mamie hakuruka. Binti yangu anaijua sauti ile. Ni sauti ninayoitumia nyumbani kikombe kikivunjika, na akiisikia huwa anaganda palepale alipo, anasubiri kitakachofuata. Aliganda. Vidole vyake vikazidi kuukaza ukingo, na macho yake yakatafuta kama nina fimbo mkononi.

Niliogopa hapo kuliko nilivyowahi kuogopa. Ni mimi niliyekuwa nimemfunga kwenye chuma kile, tena mara mbili, kwa nyundo na kwa sauti.

Nikajilazimisha kushusha sauti. Ilitoka kama ya mtu mgonjwa.

“Mamie, mama yangu. Hukukosa kitu. Uachilie, kuya kwa Papa.”

Akanitazama tu. Wageni walikuwa wameanza kunung'unika, mmoja akasema, “Huyu amekunywa.” Nikawa nakanyaga benchi, nakanyaga miguu ya watu, mikono nimeinyoosha wazi aone haina kitu.

“Kuya, mutoto wangu. Papa hana hasira. Kuya unishike.”

Akaachia mkono mmoja. Akanitazama tena. Akaachia wa pili, akasimama, akapiga hatua mbili, nami nikamfikia na kumnyakua.

Taa ya barazani ikawaka.

Watu wote wakapiga vigelegele. “Kuran! Kuran imerudi!” Mpiga picha, kwa furaha, akainua mguu avuke ukingo aingie kwa bibi arusi, nami nikamshika kola nikamvuta akaanguka chali. Sasa walinizingira kweli, na mwanamume mmoja alikuwa amekunja ngumi.

“Chuma iko na kuran!” nikapiga kelele. “Nilitoboa waya! Daniella, usitikisike!”

Papa Michel, jirani anayeuza vinywaji baridi, ndiye aliyeelewa kwanza, maana waya ulikuwa wake, wa kuvuta umeme kutoka kwa Mama Emerance. Alikwenda kwake mbio, akarudi na bisibisi ile yenye taa ndogo ndani, akaigusisha kwenye ukingo pale penye ukuta. Taa ikawaka. Akazunguka hadi upande wa lango, mbali kabisa, akagusa tena. Ikawaka vilevile. Kila ribiti yangu ilikuwa imefanya kazi yake vizuri.

Muziki ukazimwa. Daniella alikuwa amekusanya gauni lake mapajani kwa mikono miwili, analia bila sauti, huku Papa Michel akikimbilia mita ya Mama Emerance kukata umeme. Alipopaza sauti kwamba tayari, hakuna aliyesogea. Akagusa ukingo tena kwa bisibisi, taa haikuwaka, ndipo ndugu za Daniella wakambeba juu juu wakamtoa.

Mama Emerance alinijia, kilemba kimemwanguka. Alipiga magoti mbele yangu kwenye matope, mama wa umri ule, akaishika miguu yangu.

“Papa Hippolyte, ni Mungu amekutuma. Umejua, na palepale ukakimbia. Watoto hawa wote, Daniella wangu, ni weye umewaokoa.”

Wengine wakaitikia amina. Florentine alikuwa amenishika bega. Mamie alikuwa shingoni mwangu, mashavu yamelowa, na mtu fulani akaanza kupiga makofi. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwapo karakanani. Lakini mikono ya yule mama kwenye miguu yangu ilikuwa inaniunguza, sikuweza kuivumilia.

“Sikukimbia palepale, Mama,” nikasema. “Nilijua tangu mapema. Nilikaa nusu saa nikinywa chai. Niliogopa mutanicheka.”

Makofi yakakoma. Mama Emerance alibaki magotini akinitazama, kana kwamba anasubiri nimalize kwa neno jingine. Akasimama polepole, hakupangusa hata matope. Alinyoosha mikono, akamtoa Mamie shingoni mwangu bila kuniomba, akampa Florentine.

“Mupeleke mutoto ndani,” alimwambia.

Na Florentine akampeleka.