Karani na Malkia wa Mabati

Mama Pacha alikipata kile kikaratasi kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi cherehani, na suruali ya mumewe ilikuwa imefumuka mfukoni. Alipougeuza mfuko nje ili aushone, kikaratasi kikadondoka kwenye pedeli ya cherehani. Kiliandikwa kwa wino mwekundu: "Malkia kafika. Jumamosi saa tisa alasiri. Njoo peke yako."

Akakisoma mara tatu. Mfuko akausahau bila kuushona.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa karani wa mahakama, mtu wa kukunja uso hata akiwa usingizini. Shati alilifunga vifungo vyote mpaka kooni. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuna aliyemwona akikimbia, wala akicheka mpaka magego yakaonekana, na Mama Pacha alijivunia hilo. Wageni wakija wakamkuta yuko chumbani na majalada yake, aliwaambia kwa madaha, "Mwenye nyumba hana muda na upuuzi."

Ila sasa ulikuwa mwezi wa tatu tangu mambo yaanze kubadilika. Kila Jumamosi baada ya kula, karani alioga mara ya pili, akachana nywele, akaaga kwamba anakwenda kupanga majalada ofisini. Jioni alirudi amechangamka. Wiki iliyopita alipiga mluzi bafuni. Huo mluzi ndio uliomkosesha Mama Pacha raha kuliko kuoga na kuchana nywele.

Akampelekea kikaratasi wifi yake, dada mdogo wa karani, aliyekuwa na saluni mlango wa pili.

"Malkia?" Wifi aliacha kichwa cha mteja kimesukwa nusu. "Kaka yangu huyu huyu? Wifi, huyu hata kukonyeza hajui. Akijaribu anafumba macho yote mawili."

"Basi kapata wa kumfundisha."

Wifi akakigeuza kikaratasi, akakinusa, akakirudisha. "Jumamosi tunakwenda wote. Ni damu yangu, lakini haki ni haki."

Wiki ile Mama Pacha alikata suti ya bwana harusi mguu mmoja mfupi. Usiku alilala ameelekea ukutani, akipanga moyoni: mapacha atakwenda nao, cherehani atakwenda nayo, kabati libaki. Chakula alipika, akawapakulia wengine, yeye asile.

Jumamosi ikafika. Karani akatoka, amenyooka kama rula, na mfuko wa karatasi mkononi. Wao nyuma, mbali kidogo. Hakushika njia ya mahakamani. Akakata kona kwenye barabara ya magereji, akabisha mlango wa kijani wenye kibao kilichofifia: TUNATENGENEZA REDIO NA TELEVISHENI. Mlango ukafunguliwa kidogo, akapenya, ukafungwa. Mapazia yalikuwa yameshushwa mchana kweupe.

Wakajibanza chini ya dirisha. Kwa muda hawakusikia kitu. Halafu sauti ya mwanamke ikapasua hewa: "Niache! Usinisogelee!" Ikafuatiwa na kicheko cha mwanamume, kicheko kikubwa cha kutoka tumboni. Mama Pacha alichukua muda kukitambua, kwa kuwa hakuwahi kukisikia. Kilikuwa cha mumewe.

Hakubisha. Aliusukuma mlango kwa bega.

Ndani kulikuwa na giza, na vichwa vinne vikamgeukia kwa pamoja: mzee fundi redio mwenye duka, daktari wa meno wa mtaa wa juu, bibi mmoja mwenye miwani minene, na karani, aliyekuwa peku, vifungo vitatu vya shati wazi, bisi mapajani.

"Yuko wapi?" Mama Pacha alifoka.

"Nani, mke wangu?"

"Malkia!"

Karani akaanza kufunga vifungo vya shati. Fundi redio, mtu asiye na hila, ndiye aliyenyoosha kidole kuelekea televisheni. "Ndiye huyo anaingia sasa hivi, mama. Karibu kiti."

Kwenye skrini, mwanamke mwenye koti jeupe alikuwa amebanwa kwenye kona akipiga kelele. Mlango ukafunguka, Malkia akaingia. Alikuwa pipa la mabati lililopakwa rangi ya fedha, taji lake faneli iliyogeuzwa, macho yake balbu mbili, moja haiwaki. Akakwama mlangoni. Akageuka ubavu, akapita.

Wifi ndiye aliyeanza kucheka, akalazimika kushika ukuta. Mama Pacha alikaa kwenye kigoda cha karibu. Akajikuta analia na kucheka, asijue kipi kimetangulia.

"Ni kanda za zamani," karani alisema kwa sauti ndogo. "Za roboti wanaovamia dunia. Fundi anazo sanduku zima. Hii tuliitafuta muda mrefu, ilipofika akaniandikia nije peke yangu, maana nilimwomba iwe siri."

"Hilo ni jeshi la maelfu, wanavyodai," alieleza yule bibi, mwalimu wa hisabati mstaafu, daftari mkononi. "Nimewahesabu, ni watano. Wanapita mbele, wanazunguka nyuma ya jengo, wanapita tena. Huyo aliyebonyea bega huyu hapa, mara ya tisa."

"Na mwezi ule ni sahani," daktari wa meno aliongeza. "Una ufa."

Mama Pacha alijifuta macho kwa kanga, tayari kuwaambia wazee wazima waone haya. Lakini jicho la fundi cherehani halitulii.

"Hebu simamisha hapo," akasema.

Picha ikaganda. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Suruali zao ni turubai. Zimeshonwa kwa mkono, tena mbio mbio, pindo limekwenda mrama. Lakini tazameni magotini, kaweka marinda ili mtu aweze kukunja mguu. Huyu alikuwa anaijua kazi. Vitambaa tu ndivyo hakuwa navyo."

Wote wakainama kutazama. Hakuna aliyewahi kuyaona marinda yale.

"Ndiyo maana tunazipenda," fundi redio alisema. "Kila mahali unauona mkono wa mtu. Hawana kitu, na bado wanataka uogope."

Na kweli, dakika kumi baadaye Mama Pacha aliogopa. Roboti walipouzingira mji, aliushika mkono wa wifi yake asiuachie. Watu wa mji wakakimbilia juu ya ghorofa, Malkia akawafuata, akakanyaga ngazi ya kwanza, ya pili, akabiringika mpaka chini. Ndani ya pipa ikasikika wazi sauti ya mtu: "Mama yangu, kiuno!" Chumba kizima kikaangua kicheko.

Walirudi kwa miguu, wifi ametangulia makusudi.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama Pacha aliuliza.

"Ningeanzia wapi? Umewaambia watu wote sina muda na upuuzi." Alitazama viatu vyake. "Nilipenda unavyonisifia. Nikaogopa usije ukaacha."

"Wiki nzima sijala, Baba Pacha. Nilishagawa vyombo. Wewe nilikuachia kabati."

"Kabati tu?"

"Na wewe ungelipeleka kwa Malkia wako." Akamshika mkono, jambo ambalo hawakuzoea kulifanya barabarani. "Hebu nionyeshe wanavyotembea."

"Hapa? Watu si watatuona?"

"Nionyeshe bwana."

Karani akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akakaza mikono, akanyoosha shingo, akaanza kwenda hatua nzito nzito, miguu haikunjiki. Mwanasheria kijana akatokea kwenye kona na mkoba wake, akasimama ghafla.

"Shikamoo, karani!"

"Ma-ra-ha-ba," akajibu karani kwa sauti ya pipa, akapita bila kugeuza shingo, na mkewe nyuma yake ameshika mbavu.