Mstari wa Délice

Capitoline alikuwa karani wa kamati ya parokia huko Kilibula mjini Uvira, na tangu watu waanze kurudi kutoka ng'ambo, Burundi, kazi yake ilikuwa moja: kuandika nani anamtafuta mtoto gani. Mapigano yalipowafukuza watu wa tambarare ya Ruzizi, walivuka mpaka kwa vurugu, mama huku, mtoto kule. Kila Alhamisi Gratien, mkuu wa kamati, alipanda pikipiki hadi mpakani Kavimvira kupokea watoto waliopatikana. Wenzao wa ng'ambo hawakumpa mtu mtoto kwa sababu ya machozi yake. Walitazama orodha.

Orodha yenyewe ilikuwa faili la maandishi matupu, bila jedwali wala rangi, ili lifunguke hata kwenye simu ndogo. Jina la barabara lilianza pembeni kabisa. Mkuu wa nyumba aliingizwa ndani nafasi mbili, mtoto wake nafasi nne. Hakuna aliyeandikwa "mama" wala "mtoto".

"Majina tu," Gratien alikuwa ameagiza. "Nafasi ndizo zitaonyesha nani ni wa nani."

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Capitoline alitaka kusogeza nyumba moja tu, ya mzee Anastase, iliyokuwa imeingizwa ndani mno. Alidhani ameichagua hiyo peke yake, kumbe amechagua orodha nzima. Akabonyeza Shift na Tab, vitufe vya kusogeza mstari kushoto. Kompyuta ilikuwa kuukuu, ikanyamaza. Akabonyeza tena, na tena, halafu akahifadhi. Kioo kilipozinduka, majina yote mia mbili na kumi na mawili yalikuwa yamebanwa kwenye ukingo wa kushoto, wazazi na watoto safu moja. Kabla hajarudisha, umeme ukakatika. Betri ya mashine ile ilishakufa zamani. Umeme uliporudi baada ya nusu saa, faili lilifunguka vilevile, na hapakuwa na cha kurudisha.

Akampigia Gratien, akakosea namba mara mbili.

"Papa Gratien, ile listi nimeiharibu. Bantu bote beko ku mustari moja. Sijue tena mutoto gani iko wa nani."



"Miye niko na ile ya juma lililopita mu simu," Gratien akasema. "Nakutumia. Lakini saa saba lazima niende, mama. Batoto makumi tatu na moja beko bananingoja."

Nakala ile ilimwokoa kwa familia za zamani. Alishuka mstari kwa mstari, Tab mara moja kwa mzazi, mara mbili kwa mtoto, jasho likimchirizika mgongoni. Waliokuja tangu Jumatatu hawakuwamo. Hao aliwakumbuka kwa sura zao walivyoketi kwenye benchi: yule mwenye kitenge cha bluu, yule aliyelia kabla hajataja jina. Saa sita ikapita. Yakabaki majina manne yaliyomkatalia:

Libérate
Vainqueur
Claire
Délice

Libérate alikuwa mama, hilo alilijua. Vainqueur alikuwa mwanawe. Lakini Claire? Waliingia pamoja Jumanne, mvua ikinyesha, wakiongea kwa pamoja, na Claire alikuwa bado msichana wa kuweza kuitwa binti wa Libérate. Kama ni binti, basi Délice naye ni wa Libérate. Kama Claire ana nyumba yake, Délice ni wa Claire. Na Délice alikuwa na miaka miwili. Ukimwuliza mama yake ni nani, angesema "mama".

Simu ya Libérate haikupatikana. Capitoline alikimbia nje, akapanda pikipiki mpaka kwa Libérate, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli.

"Bote babili balienda ku mpaka toka asubuhi, kwa miguu," jirani akamwambia. "Simu yabo, ukifika kule, inashika réseau, mtandao wa Burundi, haipatikane."

"Ule mutoto Délice iko wa nani?"

"Miye nilihamia hapa juma hili, mama. Sibajue muzuri."

Saa saba kasoro dakika tano alikuwa tena mbele ya kioo. Angeweza kubahatisha. Alimwingiza Délice chini ya Libérate, akamtoa. Akamweka chini ya Claire, akamtoa. Akilini aliona mwanamke mmoja akiondoka na mtoto wa mwingine kwa sababu ya kidole chake. Mwishowe alimwacha Délice pembeni kabisa, ambako hapakuwa na mtu juu yake, akamtumia Gratien orodha.

Saa kumi Gratien alipiga simu. Watoto thelathini walikuwa wamevuka. Délice alirudishwa kambini.

"Libérate alibaambia Claire ni mudogo wake, mutoto ni wa Claire," alisema kwa sauti ya kuchoka. "Balikataa. Basema listi inamuonyesha hana muntu, na ikishafika haibadilishwe siku ile. Turudi Alhamisi."

"Na Claire?"

"Alikaa chini mu barabara."

Kesho yake asubuhi Claire alikuja ofisini, akasimama mlangoni mpaka akaambiwa aketi.

"Maman Capitoline, unionyeshe pale alikuwa."

Capitoline alimwonyesha mstari pembeni. Kisha akabonyeza Tab mbele yake, mara mbili, na jina likaingia chini ya Claire.

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu, mama Délice."

Claire aliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Hakutukana, na Capitoline akatamani angetukana.

Alhamisi iliyofuata Capitoline alikwenda mwenyewe mpakani. Délice alivushwa akiwa amekonda, kamasi zikimtiririka, na Claire alipoinama akimwita, mtoto alirudi nyuma akashika suruali ya Gratien. Miezi minne ilikuwa imepita tangu watengane. Claire hakumvuta. Alikaa vumbini karibu naye, akamgeuzia mgongo kama anayetaka kumbeba, akangoja. Pikipiki zikapita, watu wakapita. Capitoline alisimama kando bila kujua pa kuweka mikono yake, na jua lilikuwa limeshahama upande wa milima mtoto alipopiga hatua ya kwanza kumwelekea Claire.