Mheshimiwa wa Kila Nyumba

Jumanne moja ya Septemba, saa tatu asubuhi, Tunu binti Saady alikaa kwenye mkeka wa bibi Nkunzimana huko Makere, na simu yenye fomu ya maswali kumi na manne, akashindwa kufikia hata swali la kwanza. Huko hakuna anayeanza na maswali. Walisalimiana kwanza kwa Kiha, mwakeye, mwakeye, wakipiga makofi ya taratibu, wakajuliana habari za watoto, za mbuzi, za maharage, na za mguu uliovimba mwaka jana. Salamu zilipoisha, fomu nayo ilikuwa imejaa.

Kubwa la bibi lilikuwa moja. Magogo ya kuvukia mto yalisombwa na mvua za masika, zahanati iko ng'ambo, na mkazamwana wake, Manirambona, alitarajia kujifungua Novemba.

"Mto ukijaa hatuvuki, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana mwezi wa kumi nampeleka kwa dada yangu Kasulu mjini, akasubirie huko."

Tunu aliandika: daraja, mjamzito, Novemba. Alikulia dukani kwa baba yake pale Kasulu, lakini alijua fika kwamba kwa Waha ukimuuliza mtu shida yake mpaka mwisho, umeshaibeba. Alijiambia kwamba hapa inayouliza ni simu.

Kazi ilikuwa ya Ridhiwani, mtu wa Kibondo mwenye kompyuta mbili na maneno mengi, aliyeajiriwa na mgombea ubunge aitwaye Bazilio. Ridhiwani alisema mambo ya mikutano na ngoma yamepitwa na wakati, sasa kila mpiga kura anatumiwa la kwake kwenye simu. Kule Kitahana alimshindisha diwani kwa njia hiyo hiyo. Jamani, huyo diwani alipita bila kupingwa! Lakini hilo Tunu alikuja kuambiwa wakati halina faida tena.

"Dada Tunu, huyu bibi ni dhahabu," alisema Ridhiwani alipoona fomu. "Daraja na mimba kwa pamoja. Huyu hachomoki."

Ujumbe ulitumwa Ijumaa saa kumi jioni, kwa namba elfu mbili na mia tatu za Makere. Saa kumi na nusu Bazilio alikuwa amefika katika kila nyumba iliyoupokea. Kwa muuza vitenge alifika na kanzu, kwa mwalimu alifika na chaki vidoleni, kwa wafuga nyuki alinukia moshi. Bazilio mwenyewe siku hiyo alishinda kitandani, gesti, Kasulu, anaumwa mafua. Watu walimpa kigoda na ndizi. Wachache walinung'unika kwamba angetoa taarifa wangechinja kuku.

Laini nyingi zilizosajiliwa Makere ziko mikononi mwa wakimbizi wa Nyarugusu, kwa hiyo na kambini alifika, mara mia nne na kitu. Therese, mama wa Kikongo anayeuza maandazi, alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Merci, papa," alimwambia, "lakini sisi huku hatuna droit ya kuvoter, kura ni za raia."

Bazilio akaanza upya. Therese akamwonyesha pa kukaa, akaendelea kukanda unga.

Kwa bibi Nkunzimana alifika na mabuti yenye tope la mtoni. Alimtaja Manirambona kwa jina. "Daraja kabla ya mvua," alisema, na bibi akampigia makofi ya shukrani. Mwezi wa kumi ulipoingia, hakumpeleka mkwewe mjini. Ya nini kumsumbua dada, na daraja linakuja?

Habari hiyo Tunu aliipata sokoni Kasulu. Alimuuliza Ridhiwani kama daraja limo kwenye mpango wowote.

"Dada, mimi natengeneza ujumbe. Madaraja sitengenezi."

Alikusudia kwenda Makere kumwambia bibi ukweli. Alisema ataenda Jumatano, halafu Jumamosi. Zikaja fomu za kata ya Kitanga, akazishughulikia kwanza.

Bazilio alishindwa uchaguzi. Tunu alisomea takwimu chuoni, akakaa na karatasi za matokeo akalinganisha. Kitanga mtandao ni wa kubahatisha, ujumbe haukutumwa, na hakuna nyumba Bazilio aliyoitembelea. Huko alipata kura thelathini na nane katika kila mia. Makere alipata thelathini na nane. Watu walimpa kigoda, kura wakampa waliyezoea kumpa.

"Bila ujumbe, Makere tungeanguka vibaya zaidi," alisema Ridhiwani.

"Utajuaje?"

"Ndiyo uzuri wake. Huwezi kujua."

Bazilio akarudi kwenye biashara yake ya mbao. Wale wa majumbani walibaki, kwa kuwa hakuna aliyewatumia ujumbe wa kuondoka. Walizoeleka. Hawakula wala hawakulima, ukimpa mmoja jembe lilimponyoka, na akiulizwa lolote hujibu lile lile.

Mvua ilifika tarehe tisa Novemba. Kesho yake asubuhi Manirambona alishikwa na uchungu. Wanaume wanne walimbeba kwa machela ya miti hadi mtoni, wakakuta maji yamejaa mpaka kwenye matete. Walisubiri kwa muda wa saa tano. Mheshimiwa alikwenda nao, akasimama ukingoni na mabuti yake, akisema, "Daraja kabla ya mvua." Mtoto alizaliwa pale kwenye majani, wa kiume, hakulia. Mama yake alipona.

Tunu alikwenda siku ya tatu. Njia nzima alipanga maneno, na alipofika hata moja hakulikumbuka. Bibi Nkunzimana alimpokea kwa makofi, akamsalimia salamu zote, habari za baba, habari za duka. Tunu akaangua kilio.

"Bibi, nilijua hakuna daraja. Nilijua tangu mwezi wa kumi."

Bibi alimsogezea kigoda.

"Uliniuliza vizuri," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza vile."

Tunu aliumia kuliko kama angetukanwa. Simu yake ikatoa mlio wa ujumbe. Ridhiwani sasa alikuwa kwa mheshimiwa aliyeshinda: "Dada, orodha tunaendelea nayo. Nimeongeza safu ya waliofiwa. Bibi wa daraja nimeshamweka."

Simu ya bibi nayo ikalia, kule kwenye kapu la maharage. Baada ya muda mfupi mheshimiwa mpya aliingia, ameinamisha kichwa, suti yake kavu ingawa nje kulikuwa kunanyesha.

"Pole kwa kuondokewa na," alisema, akasita, maana jina la mtoto halikuwepo kwenye fomu, "na mpendwa wako. Daraja linakuja."

"Asante, mwanangu," alisema bibi Nkunzimana. Akamsogeza yule wa kwanza, ili wote wawili waenee kwenye benchi.