Neno Lisilo na R Wala L

Mwaka 1974, Rozalia alifika posta mjini Mbeya kukamilisha jambo moja: anwani ya simu. Sanduku lake mwenyewe alishalikodi, maana lile la shemeji lilikuwa linameza barua. Sasa alitaka kusajili neno moja tu la kusimama badala ya anwani yake, ili shule za mbali ziagize sweta zake kwa telegramu bila kulipia anwani ndefu.

"Andika KALINGA," alisema mumewe, Timotheo. "Jina la ukoo."

"Baba Apolonia, mwezi uliopita mwalimu wa Chunya aliandika Karinga. Telegramu ikaenda kwa Karinga muuza mbolea, ikalala huko wiki nzima. Watoto sitini wakanunuliwa sweta kwingine."

"Basi ROZALIA."

"Sawa, mama," alisema karani Budeba, kalamu mkononi. "Lozaria."

Rozalia alicheka hadi akashika kaunta. "Umesikia? Huku kwetu R na L zinabadilishana viti kila siku. Nataka neno lisilo na hata moja."

Neno SWETA lilikwishachukuliwa na mtu mwingine. Timotheo akapendekeza BARIDI, mkewe akamwonyesha ile R katikati.

"SUFU," alisema Rozalia ghafla.

Budeba alipitisha kidole kwenye daftari. "Halina mwenyewe. Sufu, Mbeya."

"Rudia haraka haraka."

"Sufu, sufu, sufu, mama!"

"Piga muhuri."

Timotheo alinuna. "Na jina langu je?"

"Lako tutaliandika kwa rangi mlangoni, mume wangu. Anayekuja kwa miguu akikosea, atauliza."