Sekunde Kumi za Ticha

Mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Ticha tangu hajaota meno ya ukubwani, alikuwa mwaka wa mwisho wa ualimu. Alitakiwa awasilishe utafiti wake kwenye kongamano la walimu, mkufunzi wake amekaa nyuma na karatasi ya alama. Asipofaulu, anarudia mwaka. Kongamano lilifanyika kwenye ukumbi ninakogawa chai, basi nikawepo na aproni yangu.

Mada niliijua yote. Wiki mbili alifanya mazoezi mbele yangu nikipiga pasi. Alisema mwalimu akiuliza swali hasubiri. Anahamia kwa mtoto mwingine au anajijibu mwenyewe. Asubiri sekunde kumi tu, hata yule wa dawati la mwisho atasema kitu. Mfano wake ulikuwa "mwanafunzi mmoja wa kike, jina limehifadhiwa", aliyeishia shule ya msingi akiitwa bubu.

Huyo ni mimi.

Mwenyekiti alifungua kongamano kwa saa nzima, halafu akasema, "Wanafunzi wetu, dakika tano tano. Tujifunze kutunza muda."

Ticha akashika kipaza sauti. "Walimu wangu, mara ya mwisho mtoto aliposhindwa kujibu, mlimsubiri kwa muda gani?"

Akanyamaza, kama utafiti ulivyotaka. Nikahesabu kwa vidole kwenye mpini wa birika. Moja. Mbili. Mama mmoja wa mbele akamnong'oneza mwenzake, "Kasahau, maskini." Tatu. "Usiogope, binti, endelea," mwingine akasema. Nne, mwenyekiti akamnyang'anya kipaza sauti.

"Tumpigie makofi ya kumtia moyo. Na jibu ni kwamba sisi walimu tunasubiri sana. Anayefuata."

"Samahani, mwenyekiti, zilikuwa bado sekunde sita..."

"Muda, binti, muda."

Wakati wa chai mkufunzi akaja mezani kwangu, karatasi kwapani. Akaiweka kando ya vikombe ili achukue kitafunio. Mimi kusoma naweza. *Amesahau mada. Arudie.*

Nikamimina chai yake, kikombe nikakishikilia.

"Mwalimu, ukumbi ulimsubiri yule binti sekunde ngapi?"

"Dada, naomba chai."

Sikusema kitu. Moja, mbili. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Nne, tano. Nyuma yake foleni ikaanza kuguna. Akatazama jukwaa, akatazama karatasi yake. Saba. Nane. Nililiona jibu likimjia taratibu, kama lilivyokuwa likinijia mimi darasani, ila mimi sikuwahi kusubiriwa hadi hapo.

Ya kumi akasema, kwa sauti ndogo, "Nne."

Akachomoa kalamu, akakata "Arudie", akaandika "Amefaulu". Kisha akanikodolea macho.

"Kwani wewe ndiye yule bubu wa kwenye utafiti?"

"Jina limehifadhiwa," nikasema, nikampa chai yake. Ilikuwa imeshaanza kupoa.