Kibandiko cha Mlangoni

Baba aliingia uani akipiga honi kama bwana harusi. Tulikuwa tumejua tu kwamba amekwenda mjini "kuangalia" pikapu. Alirudi nalo, la zamani amekwisha kuliacha hukohuko.

"Linavuta ratili elfu kumi na nane, Corinne!" alimwambia Mama kabla hata ya kuzima injini. "Trela letu hata likishiba halifiki kumi na nne. Tutaipanda milima tukipiga mluzi."

Mama alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, chini ya ukingo wa paa. Ugonjwa ulikuwa umeshachukua miguu na mkono mmoja, na sauti yake ilianza kuteleza, maneno yakitoka kama yamelowa.

"Lipake mafuta, Arvid," alisema. "Linang'aa kuliko wewe siku ya harusi."

Baba alicheka. Tangu daktari atuite wakati wa theluji, sikuwa nimemsikia akicheka. Akaanza kutuonyesha: injini ya dizeli, ili milimani Mama asitikiswe. Milango minne na nafasi nyuma, ili kiti cha mbele kilale kabisa. Ngozi laini, kwa sababu mgongo wake ulianza kuchubuka. Na juu, paa zima la kioo.

"Ukilala uone mbingu mpaka Oregon," alimwambia.

Oregon ndiko aliko Maxine, dada yake Mama. Maxine husafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, hawezi kuja. Mama hawezi kukaa wima zaidi ya saa mbili, hawezi kupanda ndege. Kwa hiyo Baba alinunua trela lenye jiko na vitanda ndani, lile la kubebea pikipiki ambalo mlango wa nyuma huangushwa ukawa daraja, na akaanza kufunga winchi darini ya kumwinua Mama kitandani. Lilibaki gari la kulivuta.

"Nimwone nikiwa bado naweza kumtukana," Mama alikuwa akisema. Daktari alikuwa ametuambia waziwazi: sauti haitavuka mwisho wa kiangazi.

Baba alipokwenda kumwita jirani aje kushangaa, nilifungua mlango wa dereva. Mimi kazi yangu ni mizani. Katika ghala la nafaka la kijiji chetu, kaskazini mwa Montana, kila lori la ngano hupita mbele ya dirisha langu, nami husoma uzito kutwa. Macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye kibandiko kilicho ukingoni mwa mlango. Watu na mizigo visizidi ratili 1,840.

Trela la namna ile halivutwi kwa mkia. Shingo yake hulala juu ya mgongo wa pikapu, na shingo ya letu, likiwa limejaa, ilikandamiza kwa karibu ratili elfu mbili na mia saba. Hapo hujamhesabu Baba, hujamhesabu Mama. Na kila alichomchagulia Mama, dizeli, milango, ngozi, kioo, kilikuwa kimelitia gari uzito na kulipunguzia mzigo linaoweza kubeba. Pikapu la kawaida la mwaka uleule, la viti viwili na tairi nne nyuma, lingelibeba trela bila kuguna.

Nilipogeuka, Mama alikuwa akinitazama. Aliendesha basi la shule miaka ishirini na sita, hafundishwi kusoma uso.

"Limezidiwa?" aliuliza.

"Sana, Mama. Lakini muuzaji ametoa siku tatu za kurudisha. Nikimwambia sasa hivi..."

"Leo mwache." Alipumzika kidogo, akatafuta neno lililofuata. "Leo anacheka."

Nikamwacha. Kesho yake alikuwa anaosha tairi huku anaimba, nikasema jioni. Jioni alikuja Duane, jirani yetu, na nyama ya kuchoma. Siku ya tatu kulikuwa na malori arobaini ghalani, ya ngano ya mwaka jana. Nasema malori arobaini kana kwamba ndiyo yaliyonifunga mdomo.

Wiki tano baadaye, winchi ikiwa tayari na nguo zimepangwa, Baba alileta pikapu na trela juu ya mizani yangu. Mavuno yalikuwa yameanza. Duane alikuwa nyuma yake na lori la ngano.

"Arvid!" Duane alipaza sauti. "Hilo ni gari au sebule? Mbona limekaa chini kama bata anayetaga?"

"Subiri zamu yako, wee mla vumbi!" Baba akamjibu. Kisha akainama dirishani kwangu. "Haya, mwanangu. Soma."

Tuliyapima mawili pamoja, tukapima pikapu peke yake. Ningeweza kumtajia namba yoyote, angeniamini.

"Umezidi ratili elfu moja mia tatu na sitini," nikasema.

Alidhani mizani imeharibika. Nikarudia, ikarudi ileile. Basi akaanza kushusha vitu palepale kando ya ghala: jenereta, kuni, makopo, maji yote ya tangi. Tukapima. Mia tisa. Akashusha meza, akashusha magodoro ya akiba na jiko la nje. Mia saba na kitu.

"Sukuma vitu mkiani," Duane alisema, sasa bila utani.

"Mkia ukiwa mzito litayumba, unajua wewe," alisema Baba. Kisha akanigeukia. "Malori ya ngano si tunayazidishia mzigo kila mwaka?"

"Ngano haiteremki milima ya Idaho Mama akiwa ndani."

Mama alikuwa amelazwa kwenye kiti cha mbele, chini ya kioo. Alisema neno mojamoja: "Kuna... watoto... barabara ile." Baba akampigia muuzaji.

Pikapu linalofaa, muuzaji alisema kwa simu, litafika baada ya wiki kumi na mbili. Duane alikuwa nalo moja, kuukuu, la tairi nne nyuma, lakini ndilo lililokuwa likibeba mafuta ya mashine zake shambani.

"Nipe mavuno yaishe, Arvid. Siku ileile nakuletea."

"Nitasubiri," Baba alisema. Alikaa chini kwenye changarawe, mgongo kwenye tairi, vyombo vya jikoni vya Mama vimemzunguka, na malori yakamzunguka yakipita.

Duane alitimiza. Katikati ya Septemba alikuja na pikapu lake limeoshwa, funguo mkononi, kofia kifuani. Mama tayari alikuwa na siku nne kwenye mashine ya kupumulia. Daktari alikataza milima. Duane aliweka funguo mezani, akazichukua tena, akaondoka.

Maxine hupiga simu kila Jumapili. Humtukana Mama, kisha hunyamaza angoje jibu. Sisi tunashika simu karibu na sikio la Mama, na Maxine anasikia mashine.

Alasiri, kukiwa na jua, Baba humbeba Mama pamoja na mashine yake mpaka kwenye pikapu, humlaza chini ya kioo, na kuwasha injini. Haliendi popote. Jana alikuwa amefungua mlango wa dereva, ameinama, kidole juu ya kibandiko. Sijui ilikuwa mara yake ya ngapi kukisoma.

"Wewe unasoma namba kutwa," aliniambia bila kuinua kichwa. "Siku niliyolileta, hukuiona hii?"

Nikamtazama Mama. Sasa kwake ndiyo ni kufumba macho mara moja, hapana ni mara mbili. Alifumba mara moja.

"Niliiona," nikasema.

Baba akazima injini.