Baba Mbele ya Kamati

Mwaka wa kwanza baada ya Uhuru, kamati ya masomo ya ng'ambo ilikuja Kakamega na nafasi mbili za kusomea udaktari Chekoslovakia. Kila kitu kingelipwa: nauli ya ndege, ada, chakula, kitanda, hata koti la baridi. Sharti lilikuwa moja tu. Nafasi hizo zilikuwa za vijana waliofiwa na baba, wasio na mtu wa kuwalipia.

Alama nilikuwa nazo. Nasema bila haya, kwa kuwa hakuna aliyenipa hata moja kwa huruma. Na baba yangu, Onesmus, alikufa nikiwa mdogo hata sura yake siikumbuki. Nilipomweleza mama sharti hilo, alisimamisha ungo wake wa mahindi.

"Na Sylvanus?" aliuliza.

Sylvanus alikuwa kaka mkubwa wa baba. Matanga yalipoisha, ndiye aliyetuchukua. Aliuza ng'ombe ili niingie sekondari. Mashamba ya wazungu kule Lugari yalipogawanywa, alipata ekari kumi na tano karibu na Chekalini, akatuhamishia huko, akaezeka nyumba ya mama kabla ya kuezeka yake. Kwetu kaka wa baba ni baba. Mtu akiwa hai, anakula nawe, nawe usimame mbele yake useme huna baba, umemzika angali anapumua.

Kamati ilitaka nije na mzee wa ukoo wa kunithibitisha, na mzee wetu alikuwa Sylvanus.

"Nimweleze la kusema?" nilimuuliza mama.

"Utaanzaje? 'Baba, twende ukaseme wewe si baba'?"

"Basi mwambie wewe."

"Mimi mke wa ndugu yake? Niache nizeeke salama."

Hakuna aliyemwambia. Nilijipa moyo kwamba wangemtaka aweke kidole gumba tu, kisha atoke.

Siku yenyewe alivaa koti lake la kanisani, akapaka viatu mafuta ya kupikia. Ndani ya basi alitaka kujua ninakokwenda.

"Cheko nini?"

"Chekoslovakia, baba."

"Kumbe ni hapo tu. Toka Chekalini, vuka mto, umefika Chekoslovakia. Nitakuletea ingokho kila Jumapili." Abiria wakacheka. Mama mmoja akamwambia kuku huyo atafika akiwa amezeeka, naye akajibu kwamba kuku wake hawazeekangi, wanaliwa mapema.

Kamati iliketi katika chumba kimoja cha ofisi za serikali. Mwenyekiti, Bwana Kibiwott, alikuwa mwalimu wa zamani, mtu wa upole. Aliniuliza kuhusu damu na mapafu, nikajibu. Aliniuliza kwa nini wao wanipe mimi. Nikamwambia kwamba nchi imejitawala lakini wilayani kwetu watoto bado wanakufa kwa kuhara, na mimi sikuumbwa kuwatazama tu. Aliwatazama wenzake wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Baba yuko wapi?"

"Alikufa, bwana."

"Pole. Mwite huyo mzee."

Baba aliingia na kofia mkononi, akasimama kando yangu.

"Mulembe, mzee. Kijana huyu ni nani wako?"

"Mtoto wangu."

Bwana Kibiwott aliinua macho. "Mtoto wa kumzaa?"

Uso wa baba ulibadilika. "Bwana, swali hilo haliulizwangi mbele ya mtoto. Mimi ndiye baba yake."

"Una shamba?"

"Niko nalo. Ekari kumi na tano, lilikuwa la mzungu." Alisema hivyo kifua mbele, kwa kuwa alidhani wanampima mtoto kwa heshima ya nyumba yake.

"Ukiachiwa, utamsomesha?"

"Sasa nani mwingine amsomeshe? Siwezi kumtupia serikali mtoto wangu, kama mtu asiye na kwao."

Bwana Kibiwott alinigeukia. "Kijana, umesema baba amekufa. Nani kati yenu asema kweli?"

Mimi niliyemjibu bwana shamba wa kizungu nikiwa na suruali fupi, mimi niliyefukuzwa shule wiki nzima kwa kukataa kuitwa 'boy', nilisimama pale nikitafuta neno. Mkono wa baba ulikuwa begani mwangu. Neno lilikuwa moja, nalo lilikuwa kweli, lakini ningelazimika kulisema yeye akilisikia: kwamba hakunizaa.

"Huyu ni baba yangu," nilisema.

Tulipotoka alininunulia chai na mandazi sokoni. "Umeona?" aliniambia. "Wamejua una watu." Nilikula yale mandazi yote.

Majina yalipotangazwa, langu halikuwamo. Baba alikasirika, akasema ni ukabila, akasema ataandika kwa mbunge. Alirudia maneno hayo kwa majirani hadi mama akashindwa kuvumilia. Akamweleza yote huko jikoni, akiwa amempa mgongo. Nilikuwa nje napasua kuni.

Asubuhi alivaa lile koti. "Twende," akasema.

Bwana Kibiwott alitupokea mlangoni, akiwa tayari kuondoka. Baba hakungoja kiti.

"Nilikosea siku ile," alisema. "Mimi si baba ya huyu. Baba yake alikufa. Mimi ni mtu tu."

"Baba," nikasema.

"Nyamaza. Bwana, andika hivyo. Mimi ni mtu tu, hana wa kumlipia."

Bwana Kibiwott alivua miwani. "Mzee wangu, hata kwetu Nandi ni hivyo hivyo. Siku ile nilikuelewa, lakini wenzangu walikuwa wameshasikia maneno mawili yanayopingana. Na vijana wale wawili wameshapanda ndege."

Baba alimshukuru. Hakuuliza kama kutakuwa na nafasi nyingine.

Hatukurudi Lugari moja kwa moja. Alishuka njiani, kwenye boma letu la zamani, ambako sasa wanakaa binamu zetu. Alipita nyumba zao bila kupiga hodi, akaenda hadi kaburini kwa Onesmus, katikati ya migomba. Alinionyesha kwa mkono nisimame mbali. Nilisikia hata hivyo.

"Ndugu yangu, leo nimemkana mtoto mbele ya watu. Kama kuna hasira, inipate mimi. Yeye hakusema kitu."

Kisha akavaa kofia, akashika njia ya kurudi barabarani.

"Baba," nilimwita.

Aliendelea kutembea. Nikaita tena. Safari hii alisimama, lakini alisogea pembeni mwa njia, akaningoja nitangulie, kama mgeni anavyomngoja mwenye boma.